Sahibu Wawili, Siasa Mbili: Henry Fonda na James Stewart

Hollywood ya miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ilikuwa mahali pa hofu kwa mtu mwenye rai zake, kwani mwigizaji au mtunzi aliweza kupoteza kazi, nyumba na jina jema kwa sababu ya mkutano aliouhudhuria ujanani, au kwa sababu ya sahibu yake wa jana aliyeitwa mbele ya kamati ya Bunge akamtaja. Na wengi waliokula meza moja kabla ya mwaka 1947 hawakusalimiana tena mpaka wakaingia makaburini. Katika zama hizo za ukali walikuwako watu wawili mashuhuri, Henry Fonda na James Stewart, ambao uswahiba wao ulianza mwaka 1932, walipokuwa hawana kitu, ukadumu hadi mauti ya Fonda mwaka 1982, ilhali katika siasa mmoja alisimama mashariki na mwingine magharibi. Fonda alikuwa Democrat wa kindakindaki, mfuasi wa Rais Roosevelt, kisha wa Adlai Stevenson, kisha wa Kennedy. Stewart alikuwa Republican kwa kuzaliwa na kwa kuchagua, mtu wa kanisa na wa jeshi, aliyempigia debe Ronald Reagan kwa moyo wake wote. Hakuna aliyeificha itikadi yake, wala hakuna aliyefaulu kumgeuza mwenziwe.

Aghalabu husemwa kwamba siri yao ilikuwa kukubaliana wasizungumze siasa. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini naiona haitoshi, kwa maana watu wengi hunyamaziana, na kunyamaziana kwao kukawa ndio mlango wa kuachana. Fonda na Stewart walikuwa na mambo mawili yaliyoutia ukimya wao uhai: kila mmoja alijua itikadi ya mwenziwe ilitoka wapi na ilimgharimu nini, na tena walikuwa na kazi ya mikono ya kufanya pamoja, ambayo ilikuwa ya dhati na wala haikuwa kisingizio. Ili tuyafahamu hayo hatuna budi kuanzia walikozaliwa.

Henry Fonda alizaliwa tarehe 16 Mei 1905 katika mji mdogo wa Grand Island, jimbo la Nebraska, akalelewa Omaha, ambako baba yake, William, alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa kilichotazamana na jengo la mahakama. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1919, Henry akiwa na umri wa miaka 14, baba yake alimchukua wakaenda kiwandani, wakasimama dirishani, wakatazama chini. Maelfu ya watu weupe walikuwa wameizunguka mahakama wakimtaka Will Brown, kibarua mweusi aliyetuhumiwa kumshambulia mwanamke mweupe na ambaye kesi yake ilikuwa bado kusikilizwa. Meya wa mji, Edward Smith, alipotoka kuwazuia, walimtia kitanzi shingoni wakamtundika, akaokolewa akiwa baina ya uhai na mauti. Jengo likatiwa moto. Hatimaye Brown alitolewa, akanyongwa kwenye nguzo ya taa, akamiminiwa risasi, na maiti yake ikachomwa pale pale barabarani. Mzee Fonda hakumhutubia mwanawe hata neno moja. Alifunga kiwanda, wakashuka ngazi, wakarudi nyumbani kwa gari bila ya kusemezana, na kijana, kama alivyosimulia mwenyewe alipokuwa mtu mzima, mikono yake ilikuwa imelowa jasho na macho yamejaa machozi.

Mtu akiyajua hayo, hazitazami tena filamu za Fonda kwa jicho lile lile. Katika Young Mr. Lincoln ya mwaka 1939, wakili kijana Lincoln anasimama peke yake mlangoni pa gereza akiwakabili watu waliokuja na gogo la kuvunjia mlango ili wawatoe mahabusu wakawanyonge. Katika The Ox-Bow Incident ya mwaka 1943, kundi la wapanda farasi linawanyonga watu watatu kwa wizi na mauaji, kisha linatambua kuwa hawakuwa na hatia, na ni Fonda anayesoma kwa sauti waraka ambao mmoja wa wale marehemu alimwandikia mkewe. Na katika 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet, Fonda ndiye yule mzee wa baraza wa namba 8 ambaye, wenziwe 11 wakiwa wamekwisha kuinua mikono kumtia hatiani kijana mmoja maskini, anakataa kufanya haraka na roho ya mtu. Filamu hiyo ya mwisho Fonda aliitoa yeye mwenyewe akiwa mmoja wa wafadhili wake, na ilipoonyeshwa mara ya kwanza haikumletea faida. Dirisha la Omaha lilibaki ndani yake muda wote huo. Siasa yake, kwa rai yangu, haikuwa nadharia aliyoiokota vitabuni. Ilikuwa ni ushahidi wa mtoto aliyeona umati wa watu wema wa mji wake, baadhi yao huenda ni wateja wa baba yake, wakifanya jambo la kinyama.

James Stewart alizaliwa tarehe 20 Mei 1908 katika mji uitwao Indiana, ambao hauko katika jimbo la Indiana bali katika jimbo la Pennsylvania, sehemu ya vilima na machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake, Alexander, aliuza misumari, kamba, rangi na zana za kila namna katika duka la ukoo wao, na jamaa yote ilikuwa nguzo ya kanisa la Kipresbiteri. Babu zake walipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alexander alikwenda vita vya Wahispania mwaka 1898, na alipokwisha kuwa mtu wa makamo mwenye watoto akaenda tena katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika nyumba ile, kuitumikia nchi halikuwa jambo la kujadiliwa mezani. James alipoondoka kwenda vitani, baba yake alimtilia mfukoni barua pamoja na kijitabu cha Zaburi ya 91, naye akakaa na barua ile miaka yote ya vita. Mtu aliyelelewa hivyo huiona serikali, bendera na kanisa kuwa ni vitu vilivyomlinda, ilhali Fonda alikwisha kuona usiku mmoja jinsi ulinzi huo unavyoweza kuwashwa kiberiti.

Kilichowakutanisha ni kikundi cha maigizo cha vijana wa vyuo vikuu kilichoitwa University Players, ambacho kila majira ya joto kilicheza huko Falmouth, katika pwani ya Massachusetts. Fonda alikuwa amefika huko tangu mwaka 1928, baada ya kuacha chuo na baada ya kutiwa katika maigizo ya Omaha na bibi mmoja rafiki wa mama yake, Dorothy Brando, mama wa Marlon Brando. Stewart alifika mwaka 1932, mara tu alipopata shahada ya usanifu wa majengo katika chuo kikuu cha Princeton, akiwa na kinanda chake cha akodioni na bila ya hakika yoyote kuwa uigizaji ni kazi ya mtu mwenye akili timamu. Wakati huo Fonda alikuwa njiani kuondoka, kwa sababu kikundi hicho hicho kilikuwa kimempa na kumnyang'anya mke, Margaret Sullavan, ambaye walioana siku ya Krismasi mwaka 1931 wakatengana baada ya miezi michache tu. Ajabu ni kwamba Sullavan alikuwa vile vile mwanamke ambaye Stewart alimpenda kwa siri karibu maisha yake yote. Ni yeye aliyemshikia mkono Hollywood na kutaka apewe nafasi kuu, na wakacheza pamoja filamu nne, mojawapo ikiwa The Shop Around the Corner ya mwaka 1940. Wanaume wengine wangelifanya hilo kuwa chanzo cha uhasama wa milele, lakini hawa hawakulifanya hivyo.

Ilipofika majira ya baridi walikuwa New York, wakipanga chumba kimoja na wenzao wawili, Joshua Logan na Myron McCormick, katika miaka ile ya kuporomoka kwa uchumi ambapo kazi za jukwaani zilikuwa haba mno. Njaa ya pamoja ni mkataba mzito. Hapo ndipo walipoanza kujenga ndege ndogo za mbao na karatasi, kwa wembe na gundi, wakikaa usiku kucha bila ya kusema maneno 10. Fonda alipoitwa Hollywood mwaka 1935 walikuwa na mfano wa ndege ya vita aina ya Martin ambao haujakamilika. Stewart aliumaliza, akautengenezea sanduku maalumu, na yeye alipoitwa mwaka huo huo na kampuni ya MGM alisafiri nao kwa gari moshi kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine, abiria wakilitazama sanduku lile refu kwa wasiwasi wakidhani ndani yake mna bunduki. Fonda alimpokea stesheni, na habari ya kwanza aliyoiulizia ilikuwa ni ndege. Wakapanga nyumba moja tena, huko Brentwood, mpaka Fonda alipooa mwaka 1936.

Katika sanaa yao walitofautiana kama walivyotofautiana katika kura. Fonda alitumia sauti na viungo vyake kama mtu apimaye maji ya kisima wakati wa ukame: hatikisi bega pasipo haja, haongezi neno, hupunguza tu mpaka libaki jicho lile la rangi ya maji lililokuwa likitazama mbali. Stewart alifanya kinyume chake. Alikuwa mrefu na mwembamba kupita kiasi, akababaika, akarudia maneno, akameza nusu ya sentensi, mikono ikatangulia ulimi, na katikati ya kubabaika huko mtazamaji akamwona mtu anayefikiri mbele yake. Tazama saa za mwisho za hotuba yake ya Bungeni katika Mr. Smith Goes to Washington ya mwaka 1939, sauti imemkauka na miguu haimbebi. Fonda alipokuwa mwovu, kama alivyofanya mwaka 1968 katika filamu ya Sergio Leone, Once Upon a Time in the West, alitisha kwa sababu hakubadilisha kitu chochote cha uso wake. Stewart alipotaka kuonyesha giza, Alfred Hitchcock alilichimba kutoka ndani ya wema wake wenyewe, hasa katika Vertigo ya mwaka 1958. Mimi nikilazimishwa kuchagua nitasema kwamba Stewart alikuwa na upana mkubwa zaidi, na Fonda alikuwa na kina ambacho mwenziwe alikifikia mara chache.

Mwaka 1941 waliwekwa mizanini hadharani. Katika usiku wa tuzo za Oscar, mwezi Februari, wote wawili walikuwa wameteuliwa: Fonda kwa The Grapes of Wrath, ambamo alikuwa Tom Joad, mkulima aliyefukuzwa ardhini kwake na benki na vumbi, Stewart kwa The Philadelphia Story, kichekesho cha matajiri. Tuzo akapewa Stewart. Watu wengi wa wakati ule na wa leo wanaona kuwa haki ilikuwa ya Fonda, na mmoja wa watu hao alikuwa Stewart mwenyewe, aliyesema baadaye kuwa kura yake alimpa rafiki yake. Sanamu ya tuzo aliipeleka kwa baba yake, nayo ikawekwa katika duka la Indiana, mahali ambapo mteja aliyekuja kununua misumari aliweza kuiona.

Mwezi mmoja baadaye Stewart aliingia jeshini, miezi tisa kabla ya Marekani kushambuliwa Pearl Harbor. Mara ya kwanza alikuwa amekataliwa kwa wembamba. Alikuwa rubani tayari, na jeshi lilipendelea kumweka nyumbani awe tangazo la kuwavuta vijana, lakini alishikilia mpaka akapelekwa Tibenham, Uingereza, mwishoni mwa mwaka 1943, akiongoza ndege za Liberator za kutupia mabomu. Tarehe 24 Februari 1944 kikosi chake kilishambulia Gotha, naye hakuwamo siku hiyo. Ndege 13 za kikosi hazikurudi. Kesho yake yeye akaruka kwenda Fürth, na kombora likatoboa sakafu ya ndege yake karibu na miguu yake. Aliruka safari 20 za vita, akaingia jeshini akiwa askari wa kawaida na kutoka akiwa kanali, na aliporudi alitaka iandikwe katika mikataba yake kwamba habari za vita vyake zisitumiwe kutangazia filamu. Fonda naye, aliyekuwa na miaka 37 na watoto, ambaye hakuna mtu angelimlaumu kwa kubaki, alijiandikisha katika jeshi la wanamaji mwaka 1942 akiwa baharia wa kawaida katika manowari Satterlee, kisha akawa ofisa wa upelelezi katika bahari ya Pasifiki, akapata nishani ya Bronze Star. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe kuwa maneno yake ni ya mtu asiyetoa kitu.

Stewart alirudi akiwa amechoka, nywele zimeanza mvi, mkataba wake wa MGM umekwisha, wala hana hakika kama bado anaweza kuigiza. Fonda alimpa makao katika kijumba cha watoto kilichokuwa ndani ya kiwanja chake huko Brentwood. Huko wakaanza kurusha tiara. Watu wawili wa makamo, majina yao yanajulikana duniani, walikuwa wakikata vijiti, wakibandika karatasi, wakifunga uzi, wakipandisha tiara kubwa mno zilizovuta kwa nguvu za kutaka kumwinua mtu kutoka ardhini. Husimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, katika siku alipofariki Fonda, Stewart alikwenda kukaa na jamaa zake, akanyamaza kwa muda mrefu sana, na alipofungua kinywa alizungumza juu ya tiara moja kubwa waliyoirusha. Haya nayaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyokusudia niliposema kazi ya mikono. Wanaokaa kutazamana uso kwa uso wakitafuta la kuongea watafika kwenye siasa kabla chai haijapoa. Wanaotazama pamoja kitu kilichoko angani wana jambo la kushughulika nalo.

Ndipo ikaja 1947. Kamati ya Bunge iliyochunguza mambo iliyoyaita ya kuipinga Marekani iliwaita watu wa sinema mwezi Oktoba ili waulizwe kama ni wakomunisti au wamepata kuwa wakomunisti. Watunzi na waongozaji 10 walikataa kujibu, wakafungwa kwa kuidharau kamati. Na mwezi Novemba wakuu wa makampuni ya sinema walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York wakakubaliana kuwafukuza. Orodha nyeusi ikaanza, na kwa miaka zaidi ya 10 watu waliandika kwa majina ya bandia au hawakuandika kabisa. Fonda aliiona kamati hiyo kuwa ni kitanzi kingine kilichovaa joho la sheria, akajiunga na waigizaji waliopinga. Stewart aliamini kwa dhati kuwa ukomunisti ni hatari kwa nchi aliyoipigania. Waandishi wa maisha yao wanasema kuwa mwaka huo walizozana vikali mno, na wapo wanaodai kwamba hata ngumi zilirushwa, kisha wakakubaliana kuwa siasa haitatajwa tena baina yao. Stewart alipokuwa mzee alisema hakumbuki kugombana na Fonda hata mara moja. Iwe ni usahaulifu au ni adabu, naiheshimu kauli hiyo, kwa sababu aliyeisema alikuwa na kila nafasi ya kujitetea na hakuitumia.

Umbali nao ulisaidia, jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Baada ya kucheza pamoja sehemu ndogo ya On Our Merry Way, iliyotoka mwaka 1948, wakiwa wanamuziki wawili wa jazi, Fonda aliondoka Hollywood kwenda New York kucheza Mister Roberts jukwaani chini ya uongozi wa Joshua Logan, yule mwenzao wa chumba kimoja, na kwa miaka kadhaa hakucheza filamu. Hivyo miaka michungu kabisa ya orodha nyeusi ilipita kila mmoja akiwa pwani yake.

Wapo watakaosema kwamba ukimya wao ulikuwa woga. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni kazi zao. Mwaka 1955 Stewart alicheza Strategic Air Command, filamu inayolisifu jeshi la ndege zinazobeba mabomu ya nyuklia na kuwaomba raia wakubali gharama yake. Mwaka 1959 alicheza The FBI Story, iliyotengenezwa chini ya jicho la J. Edgar Hoover mwenyewe. Mwaka 1964 Fonda alicheza Fail Safe, akiwa Rais wa Marekani ambaye, baada ya hitilafu ya mitambo kuzituma ndege hizo hizo hadi Moscow, analazimika kuamuru New York ya watu wake ipigwe bomu ili vita visiimalize dunia. Hizo ni hoja mbili zinazokabiliana mbele ya mamilioni ya watu, kila moja kwa sauti ya juu kabisa ambayo mwenyewe aliweza kuitoa. Walichokinyamazia ni ile nafasi ndogo baina ya viti viwili.

Nafasi hiyo ilijaribiwa tena, kwa uzito ulioshinda ule wa 1947. Stewart alimwoa Gloria McLean mwaka 1949, akawalea watoto wake wawili wa kiume kama wa kuwazaa. Mmoja wao, Ronald, ofisa kijana wa kikosi cha Marines, aliuawa Vietnam tarehe 8 Juni 1969, akiwa na miaka 24. Stewart mwenyewe, aliyekuwa Brigedia Jenerali wa akiba tangu mwaka 1959, alikuwa ameruka juu ya nchi hiyo mwaka 1966 ndani ya ndege ya B-52 akiwa mtazamaji. Fonda alikwenda kuwatembelea askari huko mwaka 1967, lakini akaja akaipinga vita hiyo. Na binti yake Jane alikwenda Hanoi mwezi Julai 1972, akapigwa picha ameketi kwenye mzinga wa kutungulia ndege za Marekani, picha ambayo Wamarekani wengi hawajaisamehe hadi leo. Mzazi aliyefiwa na mwana vitani, na mzazi wa binti aliyeketi kwenye mzinga ule, waliendelea kutembeleana.

Mwaka ule wa 1969 ndipo walipocheza The Cheyenne Social Club karibu na Santa Fe, jimbo la New Mexico, wakiongozwa na Gene Kelly. Stewart alifika huko na msiba mbichi. Alifika pia na farasi aitwaye Pie, aliyempanda katika filamu zake za Magharibi kwa muda wa karibu miaka 20, mnyama ambaye hakuwa mali yake lakini alimpenda kuliko mali. Pie alikuwa amezeeka, na katika milima ile mirefu, yenye hewa nyepesi, hakuweza kufanya kazi. Fonda, aliyekuwa mchoraji hodari, alikwenda kimya kimya zizini wakati wa mapumziko, akamchora yule farasi akiwa amesimama, kisha akaipaka picha hiyo rangi za maji na kumpa Stewart bila ya sherehe. Pie hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Sijui kama kuna rambirambi iliyopata kutolewa kwa adabu kubwa zaidi, kwa maana mtu hawezi kumchorea rafiki yake mtoto aliyekufa, lakini farasi aliweza kumchora.

Uzee uliwaleta kwenye udongo. Fonda alipanda mboga na kufuga nyuki nyumbani kwake Bel Air. Stewart aliinunua nyumba ya jirani yake huko Beverly Hills, akaibomoa, akafanya bustani. Mwaka 1980, mwaka ule ule ambao Stewart alikuwa akimpigania Reagan aingie Ikulu, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimtukuza kwa kazi za maisha yake, na mwenye kuiongoza hafla ile alikuwa Fonda. Mwezi Machi 1982 Fonda alipewa Oscar ya mwigizaji bora kwa On Golden Pond, miaka 41 baada ya ile iliyokwenda kwa mwenziwe. Alikuwa mgonjwa kitandani, Jane akaipokea kwa niaba yake. Katika ugonjwa ule Stewart alikuwa akienda kumwangalia, wote wawili masikio yamekuwa mazito, hivyo maongezi yao ya mbegu na miche yalisikika nyumba nzima. Fonda alifariki tarehe 12 Agosti 1982. Stewart alifuata tarehe 2 Julai 1997.

Mtu anayetaka kuwaona wakiwa pamoja naomba aanze na The Cheyenne Social Club, ingawa si filamu bora ya yeyote kati yao. Atazame dakika zile za mwanzo, ambapo wachunga ng'ombe wawili wanasafiri kwa farasi kutoka Texas hadi Wyoming, majina ya waigizaji yakipita juu ya mito na theluji, na mmoja wao anazungumza mfululizo, juu ya jamaa zake, mbwa, hali ya hewa na kila kitu, mpaka mwenziwe anamgeukia na kumwambia kuwa amekuwa akisema njia nzima tangu Texas. Naye anajibu kwa upole kwamba alikuwa anamtia ushirika tu. Anayenyamaza ni Stewart. Msemaji asiyekoma, yeye ambaye katika maisha yake yote alisifika kwa uchache wa maneno, ni Fonda.